Habari, Hadithi na Riwaya: Desturi ya Kuchagua na Kusoma Vitabu katika Milima ya Usambara

Tangu reli ya Usambara ilipofika Mombo mwaka wa 1905, karibu kila kitabu kilichotoka nje ya milima kikaenda Lushoto kilipita njia moja. Kilitoka Tanga kwa gari la moshi, kikateremshwa Mombo penye joto la tambarare, kisha kikapandishwa kwa njia ya Soni mpaka mjini, mwendo wa maili 20 hivi. Mji wenyewe wakati ule uliitwa Wilhelmstal, nao ulikuwa makao ya serikali ya Wadachi. Njia hiyo moja yafaa ikumbukwe kila inapozungumzwa habari ya watu wa Usambara na vitabu vya hadithi. Mtu wa London au wa Bombay aliyetaka kitabu aliingia dukani, akatazama rafu, akachukua hiki na kuacha kile. Mtu wa Mlalo au wa Bumbuli alikipokea kitabu kilichokwisha kuchaguliwa na mwingine: na padre, na mwalimu, na Kamati, na mwenye duka. Ndipo watu hudhani kwamba msomaji wa milimani hakuwa na uchaguzi wake. Dhana hiyo si ya kweli. Uchaguzi alikuwa nao, ila haukuwa mbele ya rafu. Ulikuja baada ya kitabu kufunguliwa, nao ulitegemea swali moja kubwa: je, maneno haya ni kweli?

Wanachuoni wengi wamelichukua swali hilo kuwa alama ya uchanga wa msomaji, kana kwamba aulizaye ukweli wa hadithi hajafahamu bado hadithi ni kitu gani. Historia ya vitabu katika milima hii yaonyesha mambo mengine. Swali lile lilikuwa kipimo, na watungaji na wafasiri waliopata kusomwa sana ni wale waliojua kulijibu, kila mmoja kwa njia yake.

Kwanza hayana budi kutazamwa maneno yenyewe. Kiswahili cha zamani hakikuwa na jina moja la kitabu cha namna hii. Palikuwa na habari, yaani maneno ya mambo yaliyotukia. Palikuwa na kisa, yaani tukio moja lenye mwanzo na mwisho. Palikuwa na hekaya na ngano, ambazo kila mtu alijua kuwa ni za kupumbaza jioni. Na palikuwa na hadithi, neno lenye nyuso mbili, maana lilitumika kwa masimulizi ya Mtume na vilevile kwa masimulizi ya Sungura na Fisi. Riwaya nayo yatoka katika Kiarabu, na asili yake ni kupokezana maneno: aliyesikia kwa fulani, naye akasikia kwa fulani. Neno hilo limekuwa jina la kawaida la kitabu kirefu cha kubuni katika zama za karibuni tu. Basi msomaji wa miaka ya 1920 hakuambiwa, "Hii ni riwaya," akapumzika na swali la ukweli. Aliambiwa ni hadithi, au aliambiwa ni habari, na tofauti ya maneno hayo mawili ilikuwa kubwa kwake.

Kitabu kilichoweka kipimo hicho katika nchi ya Washambaa ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi lAjjemy. Mtungaji alikuwa mtu wa pwani, mjuzi wa kuandika, aliyekuwa mwandishi wa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, huko Mazinde chini ya milima. Tangu zamani wafalme wa Vugha walikuwa wamezoea kuwa na watu wa pwani wa kuwaandikia barua, lakini huyu hakuishia katika barua. Alikusanya maneno ya wazee, akayaongeza na yale aliyoyaona mwenyewe katika vita vilivyofuata kufa kwa Kimweri mwaka wa 1862, akaandika kitabu kirefu. Kikapigwa chapa na wamisheni wa U.M.C.A. huko Magila, katika Bonde, kwa mafungu matatu kati ya mwaka wa 1895 na 1907. Mwislamu ameandika, Wakristo wamepiga chapa, na habari zenyewe ni za wafalme waliotawala kwa mvua na tambiko. Mchanganyiko huu haukumshangaza mtu wakati ule kama unavyoweza kumshangaza msomaji wa leo.

Fungu la kwanza ni la Mbegha. Anatoka Ngulu, amezaliwa kighego, meno ya juu yametangulia kuota, na kwa desturi mtoto wa namna hiyo hakuachwa hai. Aliponea, akakua, ndugu wakamnyima urithi, akatoka na mbwa wake akawa mwindaji wa nguruwe. Akapanda milima, akawapa watu nyama na wao wakampa chakula cha shamba, mpaka usiku ule wa Vugha alipoua simba na watu wakamfanya mfalme, wakamwita Simba. Jambo hili kila Mshambaa alilijua kabla ya kuliona katika karatasi. Alilisikia kwa babu yake, na huenda alilisikia kwa namna mbili au tatu zisizolingana.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya msomaji wa Usambara na msomaji wa mahali pengine penye vitabu vichache. Kitabu cha kwanza cha masimulizi marefu alichoweza kukipata kilimsimulia mambo aliyokwisha kuyajua. Hakukisoma ili kuona itakuwaje mwisho, mwisho aliujua. Alikisoma akikilinganisha: hapa amesema sawa, hapa ameruka, hapa maneno haya ni ya upande wa Semboja, maana mwandishi alikula chumvi yake. Abdallah bin Hemedi anawapa watu wake mazungumzo marefu, Mbegha anasema na wazee na wazee wanamjibu, na hapana mtu aliyekuwako akayaandika maneno hayo siku yenyewe. Kwa kipimo cha leo mazungumzo yale ni kazi ya mtunzi wa riwaya. Kwa msomaji wa wakati ule yalikuwa ushahidi wa kujadiliwa. Hata mtafiti anayeandika masimulizi ya Usambara yaliyosemwa baada ya mwaka wa 1907 hana budi kujiuliza kama msimulizi ameyapokea kwa mdomo wa mzee au kwa fungu la kitabu kilichosomwa barazani. Tofauti hiyo aghalabu haiwezekani kuipata tena. Kitabu kilipotolewa upya mwaka wa 1962 na East African Literature Bureau, kimehaririwa na J. W. T. Allen, kikafuatwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka wa 1963, kilikuwa kimekwisha kuwa sehemu ya mapokeo yenyewe kilichoyakusanya.

Jinsi watu walivyosoma ilitokana na mahali walipojifunzia kusoma. Wamisheni wa Bethel walifika Mlalo mwaka wa 1891, wakafungua Vuga mwaka wa 1895, na baadaye wakaweka mtambo wao wa kupiga chapa huko Vuga, karibu na Soni. Katika shule zao, kama zile za U.M.C.A. upande wa Magila, kusoma kulimaanisha kusoma maneno ya dini. Mtu alisoma kwa sauti, fungu kwa fungu, akarudia, akaelezwa, akaulizwa. Mazoea haya hayaondoki upesi. Aliyefundishwa hivyo, akipata kitabu cha hadithi, hukisoma vivyo hivyo: polepole, kwa sauti, mbele ya watu, na kusimama palipo na neno gumu ili lielezwe. Wanaosikiliza si wasomaji wa pembeni, ndio wanaouliza. Nakala moja ya Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, ilisomwa na mmoja na kusikizwa na wengi, na hadithi zilizotoka humo kidogo kidogo kila mwezi ziliwafaa watu wa namna hii kuliko kitabu kizima, kwa sababu mwezi mzima ulibaki wa kubishana.

Lugha nayo ilikuwa na sehemu yake katika uchaguzi. Karl Roehl, mmisheni wa Bethel aliyekaa Usambara miaka mingi na kuandika sarufi ya Kishambaa iliyotoka mwaka wa 1911, alishika rai ya kwamba mtu wa bara hawezi kuyafahamu vema maneno yenye asili ya Kiarabu. Akafasiri Agano Jipya, lililotoka mwaka wa 1930, na Biblia nzima mwaka wa 1937, akiyaondoa maneno hayo kila alipoweza na kuweka ya Kibantu mahali pake. Wajuzi wa pwani hawakupendezwa. Ubishi ule umekwisha kuandikwa mara nyingi, wala hapana haja ya kuufufua hapa. Linalohusu ni hili, kwamba msomaji wa milimani alijikuta kati ya Viswahili viwili vilivyochapwa: kimoja kilichokusudiwa kumfanana yeye, na kingine kilichotoka katika vitabu vya shule, kilichosimama juu ya Kiswahili cha Unguja. Alipochukua kitabu cha hadithi alipima kwa sikio kimeandikwa na mtu wa wapi. Mtu wa pwani akisimulia habari za pwani, maneno yake mazito ya Kiarabu yalikuwa ushahidi wa kwamba anayajua anayoyasema. Mtu yule yule akisimulia habari za mlimani, maneno hayo hayo yalitia shaka.

Mwaka wa 1929 ndipo zilipoanza kutoka tafsiri ndefu za riwaya za Kiingereza kwa ajili ya shule. Kulitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard kilichofasiriwa na Frederick Johnson. Kulitoka Kisiwa Chenye Hazina cha Stevenson. Mwaka wa 1932 zikafuata Safari za Gulliver. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliyoanzishwa mwaka wa 1930, na vitabu vilivyopita katika mikono ya Kamati vilibeba idhini yake. Idhini ile ilihusu lugha tu, kwamba kitabu kimeandikwa kwa Kiswahili Sanifu. Walakini ilipigwa chapa mbele, kabla ya neno la kwanza la hadithi, na si vigumu kufikiri kwamba wako waliodhani serikali imethibitisha kuwako kwa mashimo yenyewe.

Mwenye kuvitazama vitabu hivi vitatu pamoja ataona jambo ambalo halikutajwa sana. Vyote vitatu huapa kuwa ni vya kweli. Allan Quatermain anasimulia kwa mdomo wake mwenyewe, anasema yeye ni mwindaji wala si mtu wa kalamu, anaonyesha ramani ya njia. Kijana Jim Hawkins anasimulia aliyoyaona, na ramani iko. Gulliver anataja majina ya merikebu na tarehe za kung'oa nanga. Kwa Mwingereza kiapo hicho kilikuwa mchezo uliozoeleka. Alijua mtungaji anacheza, na mtungaji alijua kwamba yeye anajua. Kilipofika Usambara kiapo kilipoteza ucheka wake, kikabaki kiapo. Hapo palikuwa na watu waliozoea kumpima shahidi. Mwindaji aliyetoka mbali, akapita nchi ngeni, akaingia katika mambo ya kurithi ufalme, huyo si mgeni kwa aliyelelewa na habari za Mbegha. Tena mwindaji huyu wa Kizungu anamsaidia mfalme wa haki kurudishiwa kiti chake, na mfalme anajulikana kwa alama iliyo mwilini mwake, kama Mbegha alivyojulikana kwa meno yake. Haggard hakupata kuwaza jambo hili hata kidogo. Lakini kitabu hakisomwi katika kichwa cha mtungaji, husomwa katika kichwa cha msomaji.

Haisemwi kwamba vitabu hivi vilisomwa kwa hiari. Vilisomwa kwa sababu mwalimu alikuwa navyo. Maneno mengi ndani yake juu ya Waafrika ni ya dharau, na Mwafrika aliyevisoma aliyaona. Kwa hiyo kupima ukweli wa kitabu kulikuwa pia kupima heshima yake: mtu anayesema uongo juu ya watu, yawezekana asemaye kweli juu ya almasi?

Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934, chafaa kutajwa japo kwa ufupi. Wanachuoni wameshindana kama kitabu hicho ni riwaya ya kwanza ya Kiswahili au ni historia, maana kinasimulia habari za watumwa waliookolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, na mtungaji mwenyewe ni wa ukoo wa watu hao. Katika Usambara na Bonde, mahali ambapo baada ya mwaka wa 1862 watu waliuzwa pwani katika vita vya Wakilindi, shindano hilo lingeonekana la ajabu. Kitabu kinasema habari. Kama kimezipamba, kimefanya alivyofanya Abdallah bin Hemedi.

Kisha akaja Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka wa 1909 Vibambani, kusini ya Tanga, na kazi yake ya ukarani ilimpeleka katika sehemu nyingi za Tanganyika. Kusadikika kilitoka mwaka wa 1951, na kwa desturi inayozungumzwa hapa kitabu hiki ni njia panda, kwa sababu jina lake lenyewe linaligusa swali la msomaji. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendeka: kusadiki, kusadikika. Jambo linaloweza kusadikiwa si lazima liwe limetukia. Nchi ya Kusadikika iko angani, haina njia ya kuifikia kwa miguu wala ramani ya kuonyesha mashimo yake. Mtungaji ameliweka mbele, katika jalada, swali ambalo wengine walilikwepa kwa kiapo. Anamwambia msomaji kwamba asiulize kama nchi hii iko, bali aulize kama mambo haya yasadikika. Namna hii ya kubuni iliwahi kujulikana katika hekaya. Jambo jipya lilikuwa kuichukua kwa uzito wa habari, na jina la Kufikirika, kitabu cha nduguye kilichotoka mwaka wa 1967 baada ya mtungaji kufa, laonyesha kwamba hakulitumia neno kwa bahati.

Yaliyomo yanajulikana: Karama ameshitakiwa na Waziri Majivuno kwa kuwa anataka kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kuwataja wajumbe sita waliotumwa pande zote sita, wakarudi na maarifa, wakalipwa kifungo. Walakini yatazamwe pia yaliyokuwa yakitendeka katika milima ya Usambara mwaka ule kitabu kilipotoka. Tangu mwaka wa 1946 serikali ya Waingereza ilikuwa imeanza huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na kufika mwaka wa 1950 ulikuwa ukienezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta ya kuzuia maji katika mashamba ya miteremko. Asiyelima alipelekwa baraza, akatozwa faini, na baraza ile ilikuwa ya wazumbe, yaani watawala wa kabila waliowekwa kuitekeleza amri. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Watu walikataa, wakaendelea kukataa, mpaka serikali ikauacha mpango huo karibu na mwaka wa 1957.

Si lazima kudai kwamba Shaaban Robert aliiwazia Usambara alipoandika. Lakini msomaji wa Usambara alikuwa na maneno yake ya kale ya kuzungumza juu ya utawala. Steven Feierman, aliyekaa na Washambaa katika miaka ya 1960 na kuandika vitabu viwili juu yao, ameonyesha jinsi mambo yote ya ufalme yalivyopimwa kwa maneno mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua na njaa, amani na vita, vyote viliulizwa hivyo juu ya mtawala. Mtu mwenye maneno hayo kinywani, aliyetoka jana barazani kwa ajili ya matuta, akifungua Kusadikika hana haja ya kuelezwa fumbo. Anakuta mtu anashitakiwa kwa kutaka watu wajue sheria. Anakuta washauri wanaoharibu nchi kwa jina la kuilinda. Swali lake la zamani, "Je, ni kweli?" limejibiwa bila jina la mahali wala tarehe. Hapo kuna faida moja ambayo habari haina: afisa aliyekisoma kitabu kile hakuona jina lake humo.

Ugumu ulikuwa katika lugha. Kiswahili cha Shaaban Robert ni kipana, chenye mizani ya mashairi na maneno mengi ya pwani, na kwa aliyesomea Biblia ya Roehl kilikuwa kama kupanda mlima mwingine. Yamkini ndiyo sababu kitabu hiki kilihitaji kusomwa kwa sauti na wengi pamoja, mmoja akilifahamu neno hili na mwingine lile. Mwaka wa 1952 ikatoka Biblia ya pamoja, iliyoyarudisha maneno mengi ya Kiarabu, na kizazi kilichosomea hiyo kilikikuta Kusadikika kilaini kidogo. Watu huandika kana kwamba lugha ya riwaya na lugha ya ibada ni njia mbili. Katika Usambara zilipanda barabara moja.

Mageuzi ya kweli katika uchaguzi yaliletwa na posta. East African Literature Bureau ilianzishwa mwaka wa 1948, na pamoja na kutoa vitabu ilipeleka masanduku ya vitabu mikoani na kuwaazima watu vitabu kwa barua. Mtu aliyekaa Mtae au Bumbuli aliweza kuandika jina la kitabu akitakacho, akatuma, akangoja. Kwa mara ya kwanza palikuwa na uchaguzi wa mtu mmoja, bila padre wala mwalimu kati. Lakini ulikuwa uchaguzi wa gizani, maana alichagua kwa jina tu, hajakishika kitabu mkononi. Basi majina yakapata nguvu mpya. Jina kama Kusadikika laweza kumvuta mwenye fikira, ila haliahidi safari wala hatari. Jina kama Mzimu wa Watu wa Kale lamfanya mtu aandike barua siku ile ile.

Kitabu hicho cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja kilishinda mashindano ya Bureau ya mwaka wa 1957 na 1958, kikatoka mwaka wa 1960. Mzee Bwana Ali amekutwa maiti katika mzimu wa kale, na Bwana Msa, kiko mdomoni, anatafuta nani amemwua. Kwa mtu wa milima ambamo matambiko ya mvua na makaburi ya wafalme yalikuwa mambo ya kila mwaka, mzimu si pambo la hadithi. Anauliza mara moja kama mtungaji anaufahamu. Mtungaji anampa jawabu la ajabu: haukejeli mzimu, wala hausadiki, bali anamtaka msomaji ashike kila neno la kila shahidi na kulipima, nani alikuwa wapi, nani alisema nini, nani anafaidika. Ni desturi ile ile ya kukipima kitabu cha Abdallah bin Hemedi, sasa imewekwa ndani ya kitabu chenyewe na kupewa mtu wa kuifanya. Watu wamesema kwamba Bwana Msa ametoka London, katika nyumba ya Sherlock Holmes, nao hawakukosea. Ila kuna sababu kwa nini alipofika hakuonekana mgeni.

Baada ya Uhuru uchaguzi ulirudi kwa sehemu kubwa mikononi mwa shule. Huduma ya maktaba ya taifa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1963. Katika shule za sekondari za milimani, Magamba, Soni na Kifungilo, riwaya ikawa kitabu cha mtihani, na kitabu cha mtihani husomwa kwa jicho la maswali. Rosa Mistika cha Kezilahabi kilitoka mwaka wa 1971, kikazuiliwa shuleni kwa muda kwa ajili ya mambo yaliyosemwa humo wazi juu ya msichana na walimu wake. Hapo ukweli wa riwaya ulikuwa ndiyo kosa lake, kwa kuwa hapana aliyekizuia kwa kudai kwamba mambo hayo hayatukii. Vitabu vidogo vya upelelezi na mapenzi, vya kina Katalambulla, Musiba na Mtobwa, vilipanda kutoka Mombo katika mifuko ya abiria, bila idhini ya kamati yo yote, vikaazimwa mpaka majalada yakatoka. Juu ya hivyo mengi yaweza kuandikwa, lakini havikubadili kipimo, vilikikimbiza tu.

Kipimo kilirudi kwa nguvu katika kitabu kimoja ambacho wanachuoni wamekitaja kwa sifa za kawaida, Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka wa 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufa na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Utubora anaacha kazi ya afisini yenye mshahara, anakwenda shamba kuishi kwa jembe, na anapata huko utulivu ambao mji haukumpa. Mjini kitabu hiki kilisomwa kama wito. Katika Usambara kilifika kwa watu ambao wamekuwa wakulima tangu kabla ya Mbegha, ambao mashamba yao yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka yamekuwa vipande vyembamba vya mteremko, na ambao vijana wao walishuka kwa njia ile ile ya Soni kwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge na katika miji. Msomaji wa huko hakuwa na ubishi juu ya utu wa Utubora. Alitaka kujua mambo mengine, yale ambayo mtu wa afisini hasahau kwa kuwa hakupata kuyajua: shamba lile lilikuwa la nani kabla yake, udongo wake ni wa namna gani, na maji ya mvua ya masika yalikwenda wapi.